Nani Atampima Anayetibu Mioyo?

Seremala akitengeneza kiti kibovu, tutakijua siku ile ile: tutakikalia, nacho kitavunjika. Mwashi akijenga ukuta uliopinda, mvua za Bukavu hazitakawia kumwumbua. Lakini mtu aliyewekwa kusikiliza huzuni za wenzake, akiifanya kazi yake vibaya, nani atajua? Mgonjwa atatoka chumbani kimya kama alivyoingia, arudi kwake Kadutu au Bagira na mzigo wake, pengine mzito kuliko ule aliokuja nao. Hatakwenda tena, wala hapana atakayeuliza kwa nini.

Kwa sababu hiyo twataka kutazama habari ya kazi moja ambayo katika Kivu imepata watu wengi kwa muda mfupi, yaani kazi ya wanasaikolojia na wasaidizi wao. Hatutaeleza elimu yao yote. Twataka kuuliza neno moja tu: mwanagenzi wa kazi hiyo hupimwaje, hata ikasemwa kwamba sasa aweza kuachwa peke yake na mtu mwenye jeraha moyoni?

KANISA LILIANZA KWA WASIKILIZAJI WAKE

Wasomaji wengine watashangaa tukisema kwamba swali hili ni la kale katika Kanisa. Mwezi wa Julai mwaka 1563, Maaskofu waliokusanyika katika Mtaguso Mkuu wa Trento waliamua kwamba padri, hata akiwa amekwisha kupewa daraja takatifu, asisikilize maungamo ya waamini isipokuwa amekabidhiwa parokia, au amepimwa na Askofu kwa mtihani au kwa njia nyingine na kuonekana anafaa. Angalieni vizuri. Upadri alikuwa nao tayari. Masomo alikwisha kuyamaliza. Hata hivyo Kanisa lilimwambia: Ngoja kwanza, twataka kujua kama waweza kukaa mbele ya mtu anayelia.

Sharti hilo halikufutwa. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1917 kiliongeza kwamba mapadri vijana, baada ya kumaliza masomo, wafanye mtihani kila mwaka kwa muda wa miaka 3 walau. Nacho kitabu cha mwaka 1983, katika kanuni ya 970, chasema tena kwamba ruhusa ya kuungamisha wapewe wale tu walioonekana wanafaa kwa mtihani, au ambao kufaa kwao kwajulikana kwa njia nyingine.

Hatutaki kuchanganya mambo. Padri huondolea dhambi kwa uwezo wa Kristu. Mwanasaikolojia hana uwezo huo, wala asijifanye anao. Lakini wote wawili hufunguliwa mlango ambao wengine hawafunguliwi, na kila mmoja akiwa mzembe ataharibu kitu kisichoonekana. Tena ipo tofauti moja kubwa ya upande wa kuwapima. Siri ya maungamo yamkataza mtu wa tatu kuingia. Kwa hiyo Kanisa lilimpima padri kwa kumwekea mifano: Akija mtu na neno hili, utamjibuje? Mwanasaikolojia, yeye, aweza kutazamwa akiwa kazini, maadamu mgonjwa amekubali. Jambo la ajabu ni kwamba elimu yao ilikawia sana kuitumia nafasi hiyo.

SANTURI ILIYOSEMA KWELI

Mwaka 1896 Bwana Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, Marekani. Mwaka 1920 wafuasi wa daktari Freud walifungua zahanati mjini Berlin, na baada ya miaka michache wakaweka utaratibu wa mambo matatu: mwanagenzi achunguzwe moyo wake mwenyewe, asome masomo, kisha atibu wagonjwa chini ya macho ya mzee wa kazi.

Kwa jina yalikuwa macho. Kwa kweli yalikuwa masikio. Mzee hakuwamo chumbani. Mwanagenzi alikaa na mgonjwa, kisha akaja kusimulia yaliyotokea, naye mzee akampima kwa masimulizi yake. Sasa nani kati yetu husimulia kosa lake kama lilivyokuwa? Hatusemi kwamba wanagenzi ni waongo. Mtu hukumbuka alilotaka kusema, husahau alilosema. Anayejifunza kazi asipojua bado kwamba neno fulani ni kosa, atawezaje kulitaja?

Jibu lilikuja kwa chombo. Katika miaka ya 1940 na kuendelea, Bwana Carl Rogers, mtu aliyewahi kusomea uchungaji wa Kiprotestanti kabla ya kuingia saikolojia, alianza kuyanasa mazungumzo ya kliniki katika sahani za santuri, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Mwaka 1942 alipiga chapa kitabu kilichokuwa na mazungumzo yote 8 ya mgonjwa mmoja, neno kwa neno. Wanagenzi waliposikia sauti zao wenyewe walishangaa. Aliyedhani kwamba anasikiliza aliona kwamba ni yeye aliyekuwa akisema, akitoa mashauri hata kabla mwenziwe hajamaliza. Santuri haikuwa na adabu ya kuficha.

Baadaye ikaja haja kubwa. Vita ya pili ya dunia ilirudisha Marekani askari wengi wenye majeraha ya moyo, na wa kuwatibu walikuwa wachache. Mwaka 1946 idara ya askari waliostaafu ilianza kuwafundisha wanasaikolojia ndani ya hospitali zake. Na mwaka 1949 waalimu wa elimu hiyo walikutana mjini Boulder, wakapatana kwamba asiitwe mwanasaikolojia wa kliniki yule aliyesoma vitabuni tu. Apate pia mwaka mzima wa kazi chini ya wasimamizi. Vita ndivyo vilivyoisukuma kazi hii kule. Vita ndivyo vilivyoisukuma huku kwetu pia.

MAMBO YALIVYOFIKA BUKAVU

Katika Afrika yetu ya maziwa makuu, waliotangulia kuwatunza wagonjwa wa akili kwa utaratibu wa hospitali walikuwa pamoja nao watawa wanaoitwa Mabruda wa Mapendo. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1807 mjini Gent, Ubelgiji, na Padri Petro Yosefu Triest. Tangu mwaka 1815 waliwapokea watu wenye wazimu waliokuwa wamefungwa minyororo katika ngome ya kale ya mji ule, na tangu mwaka 1828 daktari Joseph Guislain alikuwa mganga mkuu wa nyumba hizo. Katika Rwanda Mabruda hao walifungua shule kubwa ya Astrida mwaka 1929, ambamo wasaidizi wa waganga walifundishwa. Na mwaka 1972 hospitali ya Ndera, karibu na Kigali, ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili.

Halafu ukaja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipotokea, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka Ruzizi na kuenea pande za Bukavu. Katika miaka ile kituo cha SOSAME, yaani Utunzaji wa Afya ya Akili, kilianza kazi mjini kwetu, kikiwa mikononi mwa Mabruda hao hao. Mwaka 1996 vita viliingia Kongo. Tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa katika mji huu. Mwaka 1999 daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, na wanawake waliotendewa ukatili wakaja kutoka Walungu, Kabare, Shabunda na kwingineko. Mara ikaonekana wazi kwamba kisu cha mganga chaweza kushona mwili, lakini mama aliyepona mwili hulala macho wazi usiku kucha. Ndipo wakahitajika watu wa kuwasikiliza: Panzi, katika Centre Olame ya Jimbo Kuu, katika nyumba za kusikiliza za parokia, katika mashirika yaliyokuja kutoka nchi za nje.

Wahitaji walikuwa wengi, waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache mno. Kwa hiyo watu wenye moyo mwema walikusanywa, wakafundishwa, wengine kwa siku chache tu, wakapewa cheti. Hatuwalaumu. Nyumba ikiwaka moto hatumwulizi anayeleta maji kama ana diploma. Lakini miaka 30 imekwisha kupita, na moto wenyewe haujazimika: mwezi wa Februari 2025 mji wa Bukavu uliangukia mikononi mwa M23. Kazi iliyoanza kama msaada wa dharura imekuwa kazi ya daima, na kazi ya daima yataka kipimo.

SOMO LILILOTOKA VIJIJINI MWETU

Wengine husema: Vipimo hivyo ni vya Ulaya na Marekani, sisi hatuna vyuo vya namna ile. Basi na watazame jambo lililofanyika katika vijiji vyetu wenyewe. Mwaka 2011, katika vijiji 15 vya Kivu ya Kusini na mpaka wa Kivu ya Kaskazini, mabingwa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao, pamoja na shirika la International Rescue Committee, walijaribu namna ya kutibu wanawake 405 waliotendewa ukatili. Habari zake zilipigwa chapa mwaka 2013 katika jarida kubwa la waganga la Marekani.

Katika vijiji 7 wanawake walikutana kwa makundi ya watu 6 hadi 8, wakafundishwa hatua kwa hatua jinsi ya kuyatazama mawazo yanayowatesa, kama lile la mama kujiona ana hatia kwa ubaya aliotendewa. Katika vijiji 8 vingine msaidizi alimsikiliza kila mwanamke aliyetaka, kama ilivyokuwa desturi. Wanawake wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo mafundisho yaligeuzwa yakawa ya kushikwa kwa kichwa.

Matokeo? Kabla ya kuanza, wenye dalili nzito za huzuni au hofu katika vijiji vya makundi walikuwa zaidi ya nusu. Miezi 6 baada ya matibabu walibaki 9 kwa mia. Katika vijiji vile vingine walishuka kutoka 83 hadi 42 kwa mia. Ni kweli kwamba pande mbili hazikuanza sawa, lakini tofauti hiyo haikutosha kueleza mafanikio yote.

Sasa, nani waliofanya kazi ile? Hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa Kikongo waliosoma walau miaka 4 baada ya shule ya msingi. Walifundishwa kwa majuma 2 hivi, kisha hawakuachwa. Wasimamizi wa Kikongo waliwafuata muda wote wa kazi, wakipitia pamoja nao yaliyofanyika, wakisahihisha. Nao wasimamizi hao waliongozwa na mabingwa waliokuwa Marekani kwa simu na barua za kompyuta. Majuma 2 ya darasa hayakuweza kutosha yenyewe. Nguvu ya kazi ilitegemea pia jicho lililokuwa juu ya mfanyakazi baada ya darasa kwisha.

KIPIMO CHENYEWE NI KIPI?

Mwaka 1990 Bwana George Miller wa Marekani aliwapa waalimu wa waganga mfano ulio mwepisi kukumbuka, kama ngazi yenye vidato 4. Kidato cha kwanza: mwanafunzi anajua. Cha pili: anajua jinsi ya kufanya. Cha tatu: aweza kutuonyesha. Cha nne: anafanya kweli kila siku, hata asipotazamwa. Mitihani ya karatasi hufika kidato cha pili, ikasimama hapo. Mwanafunzi aliyepata alama 18 juu ya 20 katika saikolojia amethibitisha kwamba anajua. Bado hajathibitisha kwamba aweza kunyamaza dakika moja mtu anapolia.

Kwa kidato cha tatu, daktari Ronald Harden wa Dundee, Scotland, alibuni mwaka 1975 mtihani ambamo kila mwanafunzi apita meza kwa meza, akipewa kazi ileile waliyopewa wenzake na kuhukumiwa kwa orodha ileile. Mfano huo umefika hata kwetu wa Afrika na Asia. Mwaka 2015, Bwana Brandon Kohrt na wenzake walitangaza kipimo walichokitengeneza Nepal kwa kuwapima wasaidizi wasio waganga. Na mwaka 2022 Shirika la Afya la Dunia na UNICEF walitoa mafundisho yanayokitumia. Mtu mmoja huigiza mgonjwa, mwanagenzi huzungumza naye, na msimamizi hutazama na kuandika. Hapo hapana mgonjwa wa kweli anayeumizwa kwa ajili ya mafunzo.

Katika kipimo hicho kila jambo lina ngazi 4, na ngazi ya kwanza kabisa ni ya mtu aliyefanya jambo la kudhuru. Twapenda kulikazia hili, maana wengi hudhani kwamba anayejaribu kusaidia, akishindwa, amekosa faida tu. Sivyo. Kumwambia mama aliyetekwa porini: "Usilie, sahau tu", kumwuliza kwa nini alipita njia ile, kutoa siri yake kwa jirani: hayo ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Mwanagenzi mwenye sifa 10 nzuri na tabia moja ya namna hiyo hajafaulu.

Nasi wa Bukavu tungeongeza mambo mawili. La kwanza ni lugha. Mwanafunzi wetu husoma kwa Kifaransa. Mgonjwa wake husema kwa Mashi, au kwa Kiswahili chetu: "Moyo inaniuma, niko na mawazo mingi." Mwanafunzi akiandika haraka neno la kitabuni asiulize mawazo gani, tangu lini, na kama katika mawazo hayo limo la kujiua, ameweka jina juu ya sanduku asilolifungua. Basi apimwe katika lugha ya mgonjwa. La pili ni kujua mpaka. Si kila anayeweweseka ana huzuni. Pengine ni malaria iliyopanda kichwani, pengine ni kifafa. Mwanagenzi anayesema "Huyu simwezi, apelekwe hospitali" asihesabiwe ameshindwa. Hiyo ni alama njema kupita nyingi.

SHIDA YA MSIMAMIZI

Tungekuwa hatusemi kweli tusipoitaja shida ya yule apimaye. Yeye ni mlezi na mwamuzi kwa pamoja. Kama mlezi, ataka mwanagenzi amfungulie moyo, amweleze alipojikwaa. Kama mwamuzi, huandika alama. Mwanagenzi aona hayo mawili, naye huficha. Na wahenga walisema: Mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini hapa kilio hakitakuwa chake, kitakuwa cha mgonjwa.

Tena wafanyakazi ni wachache, mwanafunzi ametoka mbali, wazazi wameuza ng'ombe ili asome, na msimamizi pengine yuajuana na jamaa yake. Amwandikie kwamba hafai? Ni rahisi kuandika "vizuri". Twajua methali ya mgema na tembo. Sifa za uongo humharibu mwanagenzi, na maji yanayotiwa tembo hunywewa na mtu mwingine.

Zipo dawa, nazo si za gharama. Mwanagenzi aambiwe tangu siku ya kwanza ni mambo gani yatakayopimwa. Asahihishwe njiani, katikati ya muda wake, asingoje kuambiwa kila kitu siku ya mwisho wakati hawezi tena kurekebisha. Wapimaji wawe zaidi ya mmoja, na aliyemlea asiwe peke yake anayemhukumu. Kosa alilolitaja mwenyewe lipokelewe kama nafasi ya kujifunza. Lile alilolificha ndilo litiwe shaka. Na mwanagenzi asiyetosha apewe muda wa pili chini ya usimamizi kabla ya kuambiwa hapana. Lakini hapana nayo iwepo. Kipimo ambacho hapana aliyewahi kukishindwa si kipimo.

Ndugu wasomaji, jambo hili si la vyuo na hospitali peke yao. Katika parokia zetu wamo wanaosikiliza: wakatekista, akina mama wa Lejio, wakuu wa jumuiya ndogo, vijana waliohudhuria semina. Tuwashukuru; lakini tuwaulize pia kwa upole: Nani anayekutazama ukifanya kazi hii? Nani wa kukusahihisha? Ukizidiwa, wampeleka mgonjwa wapi? Asiye na jibu na atafutiwe msimamizi, hata kama ni kukutana mara moja kwa mwezi na mtu aliyebobea. Na wewe unayempeleka binti yako au mzee wako kwa mshauri, usione haya kuuliza kama huyo ni mwanagenzi na nani anamsimamia. Ni haki yako, na mfanyakazi mwema hataudhika.

Bwana wetu alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake. Matunda ya kazi hii hukua gizani, ndani ya mioyo ya watu waliokwisha kuumizwa mara moja. Kumtazama vizuri anayejifunza kuwahudumia, na kumwambia kweli juu ya kazi yake, ni tendo la mapendo kwake, tena zaidi kwa yule mama atakayeketi mbele yake kesho.